Kumtambua kupe wa ng'ombe: soma mdomo na ngao kabla ya tumbo

Kupe jike akishashiba damu, unene wake unaficha karibu kila kitu. Wa sikioni, wa ubavuni na wa kiweleni wote huwa vifuko vya kijivu vyenye vijiguu mbele. Mfugaji akiwaita wote "kupe wakubwa" ataogesha kwa ratiba moja, na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio, itaendelea kuua ndama. Ukubwa na umbo la mwili vina maana, ila vinaanza kusema ukweli ukishajua unamtazama dume au jike, mchanga au mpevu. Mpangilio huu unafuata kupe wanaopatikana zaidi kwa ng'ombe wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Unahitaji kioo cha kukuzia cha mara 10, kibano chenye ncha nyembamba, rula ya milimita, kisahani cheupe, glovu na vichupa vyenye mfuniko unaobana. Vichupa vitiwe alkoholi ya asilimia 70. Kama uliyonayo ni ya asilimia 95, pima mililita 70 na uongeze mililita 25 za maji safi.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu, kisha uitumbukize ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka njiani. Andika tarehe, kijiji, namba ya ng'ombe na sehemu ya mwili. Hiyo sehemu ya mwili usiisahau kamwe, kwa sababu ukirudi nyumbani huna pa kuikumbukia.

Hatua ya 2: Mtoe kupe akiwa mzima

Mfunge ng'ombe vizuri. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja kwa nguvu isiyobadilika, bila kupindisha wala kukurupuka. Ukimvuta kwa kushika tumbo, mdomo unabaki kwenye ngozi ya ng'ombe, na bila mdomo utambuzi umekwisha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Usimpasue kwa vidole pia: baadhi ya kupe hawa hubeba virusi vya homa ya damu ya Krimea na Kongo, inayoua watu.

Pitia masikio ndani na nje, shingo na ngozi inayoning'inia chini yake, kifua, tumbo, kiwele au korodani, kinena, chini ya mkia, singa za mkia na katikati ya kwato. Chagua wengi ambao hawajashiba. Hao wembamba ambao watu huwapuuza ndio wanaosomeka vizuri.

Rangi uitazame hapo hapo, kabla ya kumtia kwenye alkoholi. Ubluu wa tumbo na madoa ya ngao hufifia baada ya muda, na kupe wa madoadoa aliyekaa kichupani miezi mingi anaweza kumdanganya hata mzoefu.

Hatua ya 3: Hesabu miguu, kisha tazama ngao

Miguu 6 ni lava, yaani kupe aliyetoka kwenye yai. Mwache pembeni, kwani kwa kioo cha mkono hutamtambua kwa uhakika. Miguu 8 ni nimfu, yaani hatua iliyo kati ya lava na mpevu, au mpevu mwenyewe. Nimfu ambaye hajashiba ana milimita 1 hadi 2, na upande wa tumboni hana tundu la uzazi.

Kwa wapevu, tazama ngao, ile sehemu ngumu ya mgongoni. Ikifunika mgongo wote, ni dume. Ikiishia mbele tu, nyuma ya kichwa, ni jike. Dume hatanuki sana hata akila, kwa hiyo vipimo vyake vinaaminika kuliko vya jike. Hapa ndipo wengi hupotea: wanakuta dume mdogo wa kahawia karibu na jike mkubwa wa kijivu na kuandika aina mbili, kumbe ni mume na mke.

Hatua ya 4: Mdomo mrefu au mfupi?

Mgeuze kupe mgongo juu kwenye kisahani na mtazame kwa mbele. Linganisha urefu wa mdomo na kitako chake, yaani kile kipande kinachoushikilia mwilini.

Mdomo ukiwa mrefu kuliko kitako, ukachomoza wazi mbele, umebaki na makundi mawili makubwa. Kupe wa madoadoa, Amblyomma variegatum, ana mwili mpana wa mviringo, na dume ana ngao ya rangi ya chungwa yenye michoro myeusi. Akiwa hajala ana milimita 5 hadi 7. Jike aliyeshiba hupita sentimita 2, mkubwa kuliko mbegu ya nyonyo. Kundi la pili ni Hyalomma: kahawia iliyokolea, ngao bila michoro, miguu mirefu yenye pete nyeupe. Amblyomma naye ana pete miguuni, kwa hiyo pete peke yake hazitoshi. Tofauti iko kwenye ngao.

Mdomo ukiwa mfupi na kitako kina pembe sita, uko kwenye ukoo wa Rhipicephalus. Hapo endelea na hatua inayofuata bila haraka, maana ndipo magonjwa mengi yalipo.

Hatua ya 5: Watenganishe wenye mdomo mfupi

Tazama ukingo wa nyuma wa kupe ambaye hajashiba. Kama una vipande vidogo vya mstatili vilivyopangana, huyo si kupe wa bluu. Kupe wa bluu, Rhipicephalus decoloratus, hana vipande hivyo. Mdomo wake ni mfupi mno, miguu myembamba na ya rangi hafifu, dume ana takriban milimita 2 tu. Jike aliyeshiba ni wa umbo la yai, rangi ya bluu-kijivu, karibu milimita 10. Ndugu yake kutoka Asia, R. microplus, ambaye ameenea Tanzania, hatofautishwi naye kwa jicho: maabara huhesabu safu za meno ya mdomo, 3 na 3 kwa wa kwanza, 4 na 4 kwa huyu.

Waliobaki, soma miguu na macho. Kupe wa masikio, R. appendiculatus, ni kahawia mwili na miguu, macho yake karibu bapa, na akiwa hajala ana milimita 3 hadi 4. Dume aliyekula hutoa kijimkia nyuma. R. evertsi ana miguu ya rangi ya chungwa-nyekundu isiyo na pete, ngao nyeusi yenye vitundu vingi, na macho yaliyotokeza. R. pulchellus wa maeneo makavu, dume wake ana michirizi myeupe kwenye ngao nyeusi, huwezi kumkosa.

Hatua ya 6: Linganisha jibu na mahali ulipomtoa

R. appendiculatus hupenda masikio. R. evertsi mpevu hukaa chini ya mkia, lakini nimfu wake hujificha ndani kabisa ya sikio, na mara nyingi huandikwa kimakosa kuwa nimfu wa kupe wa masikio. Kupe wa bluu yuko shingoni, ubavuni na tumboni. Amblyomma hukusanyika kiweleni, kinena na kifuani. Hyalomma chini ya mkia, kwenye singa na kwatoni. Mahali pakipingana na umbo, amini umbo, kisha rudia hatua ya 4.

Hatua ya 7: Badilisha uogeshaji

Kupe wa bluu, anayeeneza ugonjwa wa kukojoa damu na ndigana baridi, hukaa juu ya ng'ombe yule yule karibu wiki 3, tangu lava hadi jike aliyeshiba. Dawa ina muda wa kumfikia. Kupe wa masikio, msambazaji wa ndigana kali, hupanda, hula siku chache na kudondoka, katika kila hatua ya maisha yake. Ukiogesha kila wiki 3, anakula na kuondoka katikati ya ratiba yako. Eneo lenye ndigana kali linahitaji uogeshaji wa kila wiki, na pakizidi, mara mbili kwa wiki. Ukitumia bomba la mkono, nyunyizia ndani ya sikio, sehemu inayorukwa zaidi. Ukikuta Amblyomma, msambazaji wa ugonjwa wa maji moyo, elekeza bomba kutoka chini kwenda juu, kiweleni na kinena, mpaka dawa ichuruzike.