Kusomea Uuguzi Ukiwa Bado Kazini: Maombi, Zamu na Mitihani

Nilianza kazi hospitalini nikiwa mhudumu wa afya. Kwa miaka minne nilisukuma machela, nikabadilisha mashuka, nikapeleka sampuli maabara na kuwaogesha wagonjwa wasiojiweza, kabla sijaketi darasani kusomea uuguzi. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mwenzangu wa hapa Tanzania aliye katika hali kama hiyo, awe mhudumu anayetaka kuwa muuguzi au muuguzi wa ngazi ya cheti anayetafuta stashahada, naye analea familia kwa mshahara ambao hawezi kuuacha. Ninalotaka alishike tangu mwanzo ni kwamba uzoefu wa wodini utamsaidia sana chuoni, lakini uzoefu huo huo unaweza kumwangusha asipokubali kujifunza upya mambo anayoyafanya kila siku.

Kabla ya kutuma maombi

Anza na cheti chako cha kidato cha nne. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga hutaka ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Hapa ndipo wahudumu wengi hukwama, kwa sababu wengi wetu tuliajiriwa tukiwa na pengo katika Fizikia au Kemia. Pengo hilo halizibwi kwa barua ya utumishi mwema wala kwa wingi wa miaka kazini. Huzibwa kwa kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kulirudia somo lenyewe. Mwaka mmoja wa kusoma Fizikia jioni unachosha, nakubali, lakini ni afadhali mara kumi kuliko kulipa ada kwa mtu anayekuahidi nafasi bila sifa na kisha kugundua, ukiwa katikati ya masomo, kwamba hutambuliki popote.

Hakikisha pia kwamba chuo unachokitaka kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Vipo vyuo vya serikali vya miaka mingi kama Mirembe kule Dodoma, Newala na Tanga, vipo vya taasisi za dini, na vipo vya binafsi. Usichague kwa sifa ya jina pekee. Uliza wanafunzi hufanyia wapi mazoezi ya vitendo, husafiri umbali gani kufika huko, na kama ratiba ya mazoezi hayo hutolewa mapema au hubandikwa ukutani jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana kwa mtu mwenye zamu jibu la swali hili la mwisho ni zito kuliko ada.

Kagua majina yako. Linganisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa na barua ya ajira, herufi kwa herufi. Kwangu mimi jina la kati lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili, na kurekebisha kosa la herufi moja kulinilazimu kula kiapo cha jina na kusubiri kwa wiki kadhaa huku dirisha la udahili likielekea kufungwa. Jambo hili lifanye miezi mitatu kabla, si wiki moja.

Kisha chagua njia inayolingana na kazi yako. Stashahada ya miaka mitatu ni masomo ya mchana, tena yenye saa nyingi za wodini, na sioni jinsi mtu atakavyoisoma huku akifanya kazi ya kutwa nzima bila mojawapo kuharibika. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, kupitia kwa mganga mfawidhi wa kituo chake, na aombe mapema ili jina lake liingizwe katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Asiondoke kituoni kwa ahadi ya mdomo, hata kama aliyeahidi ni mkuu wake mwenyewe, kwa sababu wakuu huhamishwa na ahadi zao huondoka nao. Wa hospitali binafsi ajadiliane kuhusu mkataba wa usiku na mwisho wa wiki. Muuguzi wa cheti mwenye ngazi ya 5 ana nafuu zaidi, kwa kuwa anaweza kujiendeleza moja kwa moja kwenye ngazi ya 6, yaani stashahada, bila kurudia mwanzo. Kanda yetu pia imewahi kuwafikiria walio kazini: Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza kufundisha wauguzi Afrika Mashariki mwaka 2001 kiliwalenga wauguzi wenye ajira, na nchini Kenya, mwaka 2005, shirika la afya la AMREF lilianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti kwa masomo yanayosomwa kupitia kompyuta ili wasiviache vituo vyao. Uliza kama karibu nawe kuna mpango wa namna hiyo unaotambuliwa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Soma orodha ya kozi zinazopewa mkopo mwaka huo kabla hujauingiza mkopo katika hesabu zako, na weka akiba ya ada ya muhula mmoja zaidi ya ile unayodaiwa.

Rota ndiyo ratiba yako ya kwanza

Wanaoshindwa kusoma wakiwa kazini, kwa nilivyoona, wachache hushindwa kwa kukosa akili. Wengi hushindwa kwa sababu rota ya wodi, yaani orodha ya zamu, na ratiba ya chuo hazikuwahi kuwekwa juu ya meza moja. Siku unapopokea kalenda ya muhula, nakili tarehe za majaribio, mazoezi ya vitendo na mitihani ya mwisho, uipeleke nakala hiyo kwa muuguzi mfawidhi wa wodi kabla hajapanga zamu za mwezi unaofuata. Usiende na malalamiko. Nenda na pendekezo. Mwambie, kwa heshima inayostahili, "Sista, naomba unisaidie. Wiki ya tarehe hizi nina mitihani. Nipo tayari kufanya usiku wiki mbili zinazotangulia, na sikukuu ijayo nitaingia mimi." Mfawidhi ana wodi ya kujaza na watu wachache wa kuijaza nayo, na ombi linalokuja pamoja na suluhisho humpunguzia mzigo.

Mkibadilishana zamu na mwenzako, badiliko hilo liandikwe katika rota na mfawidhi aidhinishe. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilishana na rafiki kwa maneno matupu. Yeye akapata msiba, akasafiri, na wodi ikalala na mtu mmoja. Mimi nilikuwa darasani, lakini jina lililosomeka kwenye rota lilikuwa langu, na barua ya kujieleza niliiandika mimi. Tangu siku hiyo sijabadilisha zamu bila maandishi.

Linda usingizi wa baada ya zamu ya usiku kama unavyolinda dawa zinazofungiwa kabatini. Mtu asiyelala hukosea kusoma lebo, hukosea kuhesabu, na mgonjwa ndiye hulipa. Mimi nilijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, nikitoka usiku sisomi jambo jipya. Nalala angalau saa tano, kisha jioni narudia nilichokwisha kusoma. Ya pili, sikubali kuingia wodini kwa mazoezi ya mwanafunzi asubuhi ileile niliyotoka zamu ya usiku. Kanuni ya pili ilinigharimu baadhi ya siku za mazoezi ambazo ilinibidi kuzilipa wakati wa likizo, na sijutii. Wahusishe na watu wa nyumbani. Mume, mke, mama au dada atakayebeba watoto na jikoni siku zako za mitihani aambiwe tarehe hizo mapema kama alivyoambiwa mfawidhi.

Mikono inajua, lakini chuo huuliza sababu

Sasa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Wodini, kwa haraka ya kazi, tulizoea kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Katika mtihani wa vitendo, ambapo mtahiniwa hupita kituo kimoja hadi kingine kwa dakika zilizopimwa, mwalimu hutaka uhesabu dakika nzima, nawe utapoteza alama ukifanya kama ulivyozoea. Nilikasirika nilipokosolewa mara ya kwanza, nikaona mwalimu hajui hali halisi ya wodi. Baadaye nilielewa kwamba mtoto mchanga anaweza kupumua kwa kasi, kusita kidogo, kisha kuendelea, na kwamba sekunde 15 zinaweza kuangukia kwenye kasi peke yake au kwenye kusita peke yake. Haraka yetu ya wodini haikuwa ujuzi. Ilikuwa upungufu wa watu tuliouzoea hadi tukauona kuwa ndio utaratibu.

Kwa hiyo, kwa kila kazi unayoifanya kila siku, kutandika kitanda chenye mgonjwa, kunawa mikono, kupima joto, chukua orodha ya hatua iliyotolewa na chuo, uifanye mbele ya mwenzako naye akihesabu hatua ulizoruka. Utashangaa ni ngapi. Hatua wanayoiruka watu wazoefu mara nyingi kuliko zote ni ya kwanza: kujitambulisha kwa mgonjwa, kumweleza utakachofanya na kuomba ridhaa yake.

Mchakato wa uuguzi nao utakutaka ufikiri kwa namna mpya. Una hatua tano: kukusanya taarifa, kutambua tatizo la kiuuguzi, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Ya pili ndiyo huwatatiza waliozoea lugha ya madaktari. Nimonia ni utambuzi wa daktari. Tatizo la kiuuguzi ni kwamba mgonjwa hawezi kusafisha njia yake ya hewa kwa sababu ya makohozi mazito, na mpango wako wote wa huduma utajengwa juu ya hilo. Jizoeze kwa mgonjwa mmoja kila wiki, uandike kwa Kiingereza, kwa kuwa mitihani huja kwa lugha hiyo ilhali wodini sote twasemezana Kiswahili.

Hesabu za dawa zifanye kila siku, hata mbili tu. Lita moja ya dripu kwa saa 8, kwa mrija unaotoa matone 20 kwa mililita, ni mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, yaani takriban matone 42 kwa dakika. Mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, atapewa mililita 7.5. Ziandike hatua zote kwenye karatasi, hata unapoliona jibu kichwani.

Na kuna mpaka usiouvuka. Ukiwa mhudumu kazini, unabaki mhudumu, hata kama jana ulifundishwa kuchoma sindano na ukasifiwa. Chuoni unaifanya kazi hiyo chini ya usimamizi wa mwalimu, kwenye zamu yako huna mamlaka hayo, na mwenzako anayekuambia, "Wewe si unasoma uuguzi? Nisaidie kumchoma huyu," anakuingiza kwenye kosa ambalo mgonjwa akidhurika hakuna atakayesimama nawe. Mjibu kwa upole kwamba utamwandalia vifaa na kumshika mgonjwa mkono, lakini dawa ataitoa yeye.

Ukishafaulu

Mitihani ya mwisho ya chuo haikufanyi muuguzi kisheria. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ni lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na upate leseni, na kabla ya leseni kuna mtihani wa Baraza. Usirudi wodini kwa zamu nzito katika wiki zinazoutangulia. Ruhusa ya siku hizo iombe mapema kama ulivyoomba ile ya kwanza.

Leseni ikishatoka, mtumishi wa umma amwandikie mwajiri kuomba kubadilishiwa kada, akiambatisha vyeti, leseni na ile barua ya ruhusa ya masomo. Cheo hakibadiliki chenyewe kwa kuwa umehitimu. Peleka nakala mbili, moja ibaki masjala na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.