Somo: Kuchagua lenzi za miwani ya skii kulingana na mwanga wa mlimani

Habari zenu wapenzi wa theluji. Somo la leo ni la lenzi, na ninalianzia mahali ambapo wauzaji wengi hawapendi kuanzia: siku mbaya. Mtu akienda kununua miwani ya skii huvutwa na lenzi nyeusi yenye kioo kinachometameta, hujitazama, hupendezwa, hulipa. Jua likiwaka lenzi hiyo inafaa kweli. Lakini jua likiwaka, hata lenzi ya wastani itakufikisha chini salama. Watu huumia pale wingu linaposhuka, mteremko wote ukawa mweupe mtupu, na tuta lililo mita mbili mbele yako usilijue mpaka magoti yakupe habari. Kwa hiyo pesa na akili zielekee kwanza kwenye lenzi ya mwanga hafifu. Ya jua itafuata, na hiyo ni rahisi kuipata.

Hatua ya 1: Soma namba kabla ya kutazama rangi

Kwenye boksi, au ukingoni mwa lenzi, tafuta herufi VLT na asilimia iliyo karibu nazo. Hicho ni kiasi cha mwanga kinachopita kwenye lenzi na kulifikia jicho. VLT ya 15% maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za mwanga, 15 zinapita na 85 zinazuiwa. Lenzi nyingine huandikwa herufi S na tarakimu badala ya asilimia:

- S0: 80 hadi 100%. Usiku, au giza la dhoruba.
- S1: 43 hadi 80%. Mawingu mazito, theluji inaanguka.
- S2: 18 hadi 43%. Mawingu mepesi, jua la kuja na kuondoka.
- S3: 8 hadi 18%. Jua kali.
- S4: 3 hadi 8%. Barafuto (mito ya barafu ya milimani) na milima mirefu sana, anga ikiwa wazi.

Angalieni S2 ilivyo pana. Lenzi ya 20% na ya 40% zote ni S2, ilhali moja inapitisha mwanga mara mbili ya nyenzake. Ndiyo maana daraja peke yake halitoshi. Dai asilimia kamili.

Wala usipime kwa kutazama lenzi kwa nje. Kile kioo cha bluu au chekundu kinachong'aa ni tabaka la juu tu. Kinarudisha sehemu ya mwanga, kwa hiyo kinashusha VLT kidogo, lakini hakikuambii rangi ya msingi iliyo chini yake. Lenzi mbili zinazofanana kabisa usoni mwa mtu zinaweza kuwa moja ya waridi na nyingine ya kijivu kwa anayezivaa.

Hatua ya 2: Miale ya urujuanimno (UV) ni jambo jingine kabisa

Weusi wa lenzi hauhusiani na kinga dhidi ya miale hii. Lenzi nyingi za skii ni za polikaboneti, na plastiki hiyo huizuia miale hiyo karibu yote hata ikiwa haina rangi yoyote. Tafuta maandishi ya UV400, au 100% UV, kisha songa mbele.

Usilipuuze hili. Nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takribani 10% kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi 80% yake, hivyo jicho linapigwa kutoka juu na kutoka chini. Mawingu mepesi hayaizuii sana. Matokeo yake ni upofu wa theluji: saa kadhaa baada ya kurudi ndani, macho yanawasha kana kwamba yamejaa mchanga, yanatoa machozi, hayavumilii taa. Watu wa Aktiki walilijua tatizo hili zamani sana. Wainuiti walichonga miwani ya mfupa, pembe au mbao yenye ufa mwembamba tu wa kuonea. Haina lenzi, na inafanya kazi.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini mteremko "hupotea"

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiruke.

Theluji yote ni nyeupe. Tuta, shimo na bonde dogo huyatambui kwa rangi bali kwa vivuli. Jua likiwa wazi, mwanga unatoka upande mmoja, kila kijiinuko kinatupa kivuli, na jicho linasoma mteremko bila shida. Wingu likifunika, mwanga unasambazwa na kuja kutoka kila upande kwa pamoja. Theluji inaurudisha juu, wingu linaurudisha chini. Vivuli vinakufa. Mwanga upo tele, ila hauna tena habari ndani yake.

Kwa hiyo tatizo la siku ya mawingu si giza peke yake. Lenzi isiyo na rangi itakupa mwanga mwingi na bado hutaona kitu. Unachohitaji ni lenzi inayokuza tofauti ndogo iliyobaki kati ya palipong'aa na palipofifia. Inawezaje? Kivuli juu ya theluji hakipati jua la moja kwa moja. Kinaangazwa na anga, na mwanga wa anga una ubluu mwingi. Tazama vizuri siku ya jua, vivuli vya theluji vina bluu ndani yake. Sasa lenzi ya manjano, kaharabu au waridi hupunguza mwanga wa bluu. Kivuli kinapoteza mwanga mwingi kuliko sehemu iliyong'aa, na tofauti yao inapanuka. Mawingu mepesi yakiwepo, athari hii inaonekana wazi. Wingu likiwa zito inapungua, kwa sababu tofauti ya kukuzwa ni ndogo.

Na ukungu ukikuzingira kabisa, juu na chini pakawa kitu kimoja, hakuna lenzi duniani itakayokuokoa. Hapo sogea kwenye miti au ufuate nguzo za pembeni mwa njia: vitu vyeusi vinalipa jicho mahali pa kushika.

Hatua ya 4: Linganisha rangi na mwanga

Waridi na rangi ya machungwa iliyofifia ndizo ninazozipendekeza kwa mawingu. Manjano ni kali zaidi na husaidia theluji ikianguka, ila baadhi ya watu huchoka macho wakiivaa kutwa nzima. Kahawia na shaba ni za katikati: zinapunguza ukali wa jua bila kuua vivuli. Kijivu hupunguza rangi zote kwa usawa, hivyo dunia inabaki ilivyo. Ni starehe kwa jua kali, na ni balaa mawingu yakija.

Kuna pia lenzi ambazo kampuni zimezitia rangi maalumu zinazochuja mawimbi fulani ya mwanga na kuacha mengine. Oakley wanaziita Prizm, Smith wanaziita ChromaPop. Zinasaidia kweli, lakini jina si namba. Ndani ya kila familia kuna lenzi nyeusi na lenzi nyepesi, na anayenunua Prizm ya jua kali kwa ajili ya mawingu amenunua jina tu.

Hatua ya 5: Amua idadi

Ukiweza kununua mbili: moja ya S1 ya waridi au manjano, yenye VLT ya 50% na zaidi, na moja ya S3 ya jua. Ukiweza moja tu: S2 ya waridi au shaba, kati ya 25 na 35%. Siku ya jua kali utakunja uso kidogo. Siku ya mawingu utaona. Anayeteleza zaidi msituni aelekee kwenye 35%, maana chini ya miti mwanga hubadilika kila baada ya sekunde chache. Wa miteremko ya wazi aelekee kwenye 25%.

Hatua ya 6: Jaribu nje ya duka

Taa za dukani hazikuambii chochote. Omba kutoka nje, simama kivulini, tazama kitambaa cheupe kilichokunjamana ukibadilisha lenzi moja baada ya nyingine. Inayokuonyesha mikunjo vizuri zaidi ndiyo yako, hata kama rangi yake haikupendezi. Ukiwa hapo, vaa na kofia ngumu yako uone kama kuna pengo kwenye paji la uso.

Hatua ya 7: Kubadilisha na kutunza

Fremu za sumaku hubadilishwa lenzi hata ukiwa na glavu. Zile za kubana kwa meno ya plastiki zinahitaji vidole vitupu na subira, na kwa baridi kali watu huishia kutozibadilisha kabisa, hata lenzi ya pili ikiwa mfukoni. Kama unajua huna subira, lipia sumaku.

Karibu miwani zote nzuri zina lenzi mbili zilizoachiwa nafasi ya hewa katikati ili zisishike mvuke. Mwaka 1965 daktari wa meno wa Marekani, Bob Smith, ndiye aliyeleta wazo hilo pamoja na sponji ya kupitisha hewa. Upande wa ndani umepakwa dawa ya kuzuia mvuke, na dawa hiyo ikilowa ni laini. Usiifute kwa glavu wala kwa shati. Kung'uta maji, gusisha kitambaa laini bila kusugua, acha ikauke.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Hizi lenzi za fotokromiki, zinazobadilika weusi zenyewe kulingana na mwanga, si zinamaliza mjadala wote?

Jibu: Zinapunguza mjadala, ndugu yangu, hazimalizi. Hujibu miale ya urujuanimno, na kwenye baridi zinakuwa nyeusi vizuri lakini zinachelewa kurudi kuwa nyepesi. Ukitoka juani ukaingia msituni ghafla, kwa muda unakuwa na lenzi ya jua kivulini. Kwa mwanga unaobadilika polepole, asubuhi hadi jioni, ni nzuri sana. Soma VLT yake tu, inaanzia wapi na kuishia wapi: inayotoka 20 hadi 50% ina kazi tofauti na inayotoka 8 hadi 25%.

Swali: Mimi navaa miwani ya macho, nayo ni fotokromiki. Nikiivaa chini ya miwani ya skii itanisaidia?

Jibu: Haitabadilika, au itabadilika kidogo mno, kwa sababu miwani ya skii imeshaizuia ile miale inayoiamsha. Ichukulie kama miwani ya kawaida. Tafuta fremu ya skii iliyotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani ya macho, ambayo ina nafasi na imechongwa pembeni. Lenzi za mguso, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, kama macho yako yanazikubali, ndizo zenye usumbufu mdogo zaidi.

Swali: Mwalimu, lenzi za polaraizi vipi? Muuzaji amenisifia sana.

Jibu: Zinakata mng'ao, na kwa kutembea juani ni tamu. Lakini ule mng'ao ndio unaokuonyesha barafu ngumu iko wapi. Ukiukata, theluji laini na barafu vinaweza kufanana. Pia baadhi ya skrini za saa na simu zitaonekana nyeusi. Kwa kuteleza kwa kasi sizipendekezi.

Swali: Nikichukua S4 si nitakuwa salama kila mahali penye jua?

Jibu: Utakuwa gizani kila mahali isipokuwa juu kabisa. Na S4 hairuhusiwi kuendeshea gari, hivyo usiisahau usoni ukifika maegesho.

Swali: Dada hapa. Ninapopumzika kwenye lifti ya kupandia mlimani naipandisha miwani juu ya paji la uso, nikiishusha imejaa mvuke. Ni lenzi mbovu?

Jibu: Hapana, dada, ni jasho. Paji la uso lina joto na kofia inafungia unyevu humo humo. Iache machoni, au ivue kabisa uitie ndani ya koti. Na jiulize kwa nini unaipandisha: kama ni kwa sababu huoni vizuri kivulini, basi lenzi yako ni nyeusi mno, rudi hatua ya 5.

Swali: Mteremko wetu una taa za usiku. S1 inatosha?

Jibu: Ikiwa ya manjano na VLT yake inakaribia 70 au 80%, inatosha. Ikiwa ya waridi ya 45%, utaona vivuli kati ya taa vimekuwa mashimo meusi. Anayeteleza usiku mara kwa mara anunue tu lenzi isiyo na rangi. Kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.