Jinsi ya Kufuma Tawi la Mkarafuu kwa Uzi wa Pamba

Wengi wanaoanza kufuma mimea huchagua waridi. Kwa anayejua tayari kufuma sweta au kofia, mimi napendekeza tawi la mkarafuu, mti unaojulikana sana Unguja na Pemba, kwa sababu umbo la karafuu mbichi linaafikiana vizuri mno na kazi ya sindano.

Hatua ya kwanza: utazame mmea. Karafuu ni ua ambalo halijachanua, lenye urefu usiozidi sentimita 2 hivi. Mwili wake ni mwembamba; juu yake yametokeza masikio manne madogo, na katikati ya masikio hayo kuna kichwa cha mviringo, ambacho ni petali nne zilizofumbana. Mashada hukaa kwenye ncha za matawi, na majani hukaa mawili mawili yakielekeana. Kazi hii itakuwa kubwa kuliko karafuu halisi takriban mara mbili, kwani kwa ukubwa wa asili masikio yangepotea.

Hatua ya pili: vifaa. Tayarisha uzi mwembamba wa pamba, sindano za milimita 2.5 zenye ncha pande zote mbili, sindano za milimita 4 kwa ajili ya majani, waya mwembamba wa shaba, waya mnene kwa ajili ya tawi, na sindano ya kushonea yenye tundu pana. Fuma kwa kukaza, la sivyo waya utaonekana.

Hatua ya tatu: mwili wa karafuu. Anzisha vitanzi 4 na uvifume. Usigeuze kazi, visukume vitanzi hadi ncha ya pili ya sindano, upitishe uzi kwa nyuma, uukaze, kisha ufume tena kuanzia kitanzi kile kile cha kwanza. Baada ya safu chache utaona kazi inajifunga yenyewe na kuwa mrija. Endelea hadi ufikie sentimita 4.

Sasa fuma kila kitanzi mara mbili, mbele na nyuma, ili upate vitanzi 8. Kila jozi ya vitanzi itakuwa sikio moja: fuma vitanzi 2 kwa kwenda na kurudi, viunganishe viwe kimoja, ukate uzi na uupitishe ndani ya kitanzi hicho. Unga uzi upya kwa kila jozi inayofuata, na mikia yote uifiche ndani ya mrija. Hapa pasifanywe haraka, kwa kuwa masikio yasipolingana karafuu hugeuka kuwa ua lolote tu.

Hatua ya nne: kichwa. Anzisha vitanzi 6, uviongeze hadi 12 katika safu ya pili, kisha ufume safu 5, moja kwa kawaida na inayofuata kinyume, yaani uzi ukiwa mbele ya sindano. Unganisha vitanzi viwili viwili, upitishe uzi katika vile 6 vilivyobaki na uvute. Shona ubavu, ujaze vipande vya uzi, ufunge chini. Halafu pitisha uzi kutoka juu hadi chini mara nne, ukivuta kidogo kila mara, ili petali nne zilizofumbana zionekane. Ingiza waya katika mwili, upinde ncha yake ya juu, kisha ushone kichwa katikati ya masikio.

Kuhusu rangi nina msimamo. Karafuu za shada moja haziivi pamoja, basi changanya kijani hafifu, manjano iliyopauka na rangi ya waridi, ambayo ndiyo dalili kwamba wakati wa kuchuma umefika. Usitumie kahawia juu ya tawi lenye majani; rangi hiyo karafuu huipata baada ya kuchambuliwa na kuanikwa juani, na anayeijua karafuu ataliona kosa hilo mara moja.

Hatua ya tano: majani. Kwa uzi maradufu na sindano za milimita 4, anzisha vitanzi 3. Kila safu ya kwenda, ongeza kitanzi kimoja kila upande wa kile cha katikati, kwa kuinua uzi ulio kati ya vitanzi na kuusokota ili pasibaki tundu. Wakati wa kurudi, kitanzi cha katikati pekee kifumwe kinyume, nacho kitajenga mshipa wa jani. Ukifika vitanzi 17, fuma sentimita 10 bila kuongeza, kisha upunguze kwa mpangilio ule ule. Majani mawili ya juu kabisa yafumwe kwa rangi nyekundu iliyofifia, kwa kuwa majani machanga ya mkarafuu huwa hivyo.

Hatua ya sita: kuunganisha. Funga karafuu 15 hivi kwa waya zao katika vikundi vidogo, uviringishie uzi wa kijani kuanzia juu ili kupata makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, kisha uviunge vikundi hivyo kwenye waya mnene wa tawi. Majani yafuate chini ya shada, jozi kwa jozi, kila jozi ikikingamana na iliyoitangulia. Kunja waya za karafuu mwishoni kabisa, shada likiwa tayari limefungwa, kwa sababu zikikunjwa mapema uzi wa makonyo hauwezi kukazwa sawasawa.