Usikiache kidonda kikauke

Mtoto akichunika goti kwenye mawe ya pwani Nyali, utasikia: "Kiache kipigwe upepo." Usifanye hivyo. Seli za ngozi pembeni mwa kidonda hutambaa kukifunika, nazo huenda upesi penye unyevu. Kikikauka kikafanya gaga, seli hulazimika kupita chini yake. Mtafiti George Winter alilionyesha hili mwaka 1962, kwa nguruwe. Osha kwa maji safi (ya kisima chetu cha chumvi, hapana), paka mafuta ya mgando, funga bendeji, badilisha kila siku.

Seli nyingine hutoka kwenye mashina ya nywele, ndiyo maana mchubuko wa juu juu hupona haraka na malaika (vinywele laini vya mwilini) hurudi. Kovu lililokula mashina halioti nywele, upake mafuta gani. Kidonda kilichoingia ndani sana au chenye usaha, nenda zahanati.