Jinsi ya kuomba viza ya Schengen kwa familia yenye watoto wakubwa

Kabla hujagusa fomu, chukua kalenda mhesabu usiku mtakaolala kila mji. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29 za Ulaya, lakini ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile mtakayoingilia kwanza. Sisi tulipanga Amsterdam usiku 4, Brussels 3 na Paris 6, yote kwa treni, kwa hiyo ombi letu lilikuwa la Ufaransa. Watoto walitaka na Roma, nikakataa. Mtoto wa miaka 16 haburuzwi kutoka stesheni hadi stesheni akakuchekea, na ratiba fupi ni rahisi kuithibitisha kwa karatasi.

London msiichanganye humo. Uingereza ina viza yake, na mkitoka Paris kwenda huko kisha mkarudi, viza yenu ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Msisubiri mwisho, kwa sababu uamuzi wa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45, na likizo ya shule haikungoji.

Kila mtu ana fomu yake, hata mtoto. Ya aliye chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi, na mzazi asiyesafiri aandike ridhaa. Pasipoti iwe na umri usiozidi miaka 10, kurasa mbili tupu, na iishi angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Ongeza taarifa ya benki, barua ya likizo kazini, barua ya shule, hoteli na nauli.

Vyeti vya kuzaliwa ndivyo vilivyotukwamisha. Kwenye cheti cha binti yetu jina la baba ni Mohamed, kwenye pasipoti ni Mohammed. Mhudumu wa dirishani aliweka ncha ya kalamu chini ya ile "m" ya ziada, akanyamaza, akanirudishia bahasha. Tukaenda kwa wakili kula kiapo, tukaomba miadi upya. Wiki mbili zikaenda hivyo. Wekeni vyeti na pasipoti mezani usiku mmoja, msome herufi kwa herufi.

Siku ya miadi nendeni wote. Alama za vidole huchukuliwa kuanzia miaka 12, kwa hiyo wa miaka 13 hawezi kubaki nyumbani. Ada nayo: mtu mzima euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, chini ya hapo bure. Wetu wa 13 na 16 walilipa kama sisi, jumla euro 360, mbali na gharama za kituo cha kupokea maombi. Mkinyimwa viza, ada hairudi.

Pasipoti zikirudi, msifurahie rangi ya stika tu. Fungua kila moja papo hapo, kagua jina, tarehe, idadi ya siku na mara za kuingia.