Kabla hujanunua chumvi ya tangi la samaki wa baharini

Anayetaka kufuga samaki wa baharini nyumbani huanza kwa kuuliza chumvi ipi ni nzuri. Swali hilo lilipaswa kuja la nne au la tano. Halijibiki mpaka ijulikane ni viumbe gani watakaoishi humo ndani, maji ya kuchanganyia yanatoka wapi, na kama chumvi hiyohiyo utaipata tena miezi mitatu ijayo.

Kwanza tuiweke kando chumvi ya jikoni. Hata ikiwa imetoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, au yale ya Bagamoyo, ukiirudisha kwenye maji hupati bahari. Wengi hawaamini, kwa kuwa imetoka baharini. Sababu ni namna inavyovunwa. Maji ya bahari yakikaushwa na jua, kalisi ndiyo hutangulia kutuama, kwanza kama chokaa, halafu kama jasi. Chumvi tunayoijua huanza kuganda baadaye sana, maji yakiwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi. Yale maji machungu yanayosalia juu yake, yenye magnesiamu na potasiamu nyingi, hayaingii guniani. Kwa hiyo unachonunua ni sodiamu na kloridi karibu tupu, tena iliyotiwa madini joto na wakati mwingine dawa ya kuzuia isigandamane. Katika kilo moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvichumvi. Sodiamu na kloridi ni kama asilimia 86 ya hizo. Hiyo 14 iliyobaki, yaani salfeti, magnesiamu, kalisi, potasiamu na vingine vya chembechembe, ndiyo inayofanya chumvi ya tangi iwe ghali, na ndiyo matumbawe yanayojengea mifupa yao.

Basi wakazi. Kama ni samaki peke yao, kwa mfano wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtoto anawataka, chumvi ya kawaida ya kampuni yoyote inayoeleweka inatosha. Chumvi iitwayo Instant Ocean iko sokoni tangu miaka ya 1960 na bado inafanya kazi hiyo vizuri. Usilipie zaidi kwa sababu ya picha ya matumbawe kwenye ndoo.

Matumbawe magumu yakiingia, hesabu inabadilika. Hapo soma lebo na utafute namba tatu: kalisi iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350 au zaidi kidogo, na ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, digrii 7 hadi 9 (si za joto; kwenye lebo huandikwa dKH). Namba hii ya tatu ndiyo inayowaponza watu. Ziko chumvi zilizotengenezwa makusudi zenye ualkali wa juu, kama Coral Pro ya Red Sea inayofika digrii 12 hivi, ilhali chumvi ya kawaida ya kampuni hiyohiyo iko karibu na 8. Ya juu si bora kuliko ya chini. Ni ya tangi lililojaa matumbawe yanayokua haraka na kula ualkali kila siku. Tangi lako likiwa jipya, limetulia kwenye 8, ukalibadilisha robo ya maji kwa mchanganyiko wa 12, umelipandisha digrii nzima kwa saa moja. Matumbawe huvumilia namba isiyo kamili kuliko namba inayorukaruka. Kwa anayeanza, mimi ningechukua ile ya kawaida bila kufikiri mara mbili.

Maji ya kuchanganyia yana uzito kuliko jina la chumvi, ingawa hayazungumzwi sana dukani. Ya bomba yana klorini, na mabomba yanaweza kuacha shaba, ambayo kwa kamba, konokono na kiti cha pweza ni sumu hata ikiwa kidogo. Visima vya Arusha vina floridi nyingi, na vingi vya Dar es Salaam vina chumvi yake tayari. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati hubeba zinki. Kichujio cha osmosisi ya kinyume, kinachosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvichumvi, chenye hatua ya mwisho ya kuondoa ioni, yaani chembe za madini zilizoyeyuka, kinamaliza habari hiyo yote. Kama fedha inatosha kitu kizuri kimoja tu, nunua kichujio kizuri na chumvi ya bei nafuu.

Piga na hesabu ya matumizi. Mchanganyiko mwingi unahitaji gramu 37 hivi kwa lita. Ukibadilisha lita 25 kila wiki, utamaliza karibu kilo moja kwa wiki, kilo 48 kwa mwaka. Ndoo ya kilo 20 inatoa takriban lita 540. Maji yanayopungua kwa mvuke hurudishwa kwa maji matamu, kwa kuwa chumvi haipai.

Utahitaji refraktomita, yaani kipimo cha uchumvi kinachotumia mwanga, na kimiminika cha kuisawazishia chenye uchumvi wa gramu 35 kwa kilo. Haidromita ya plastiki, ile inayopima uchumvi kwa mkono unaoelea, hudanganya viputo vikikaa juu yake.

Pwani, unyevu ni adui. Chumvi hizi zina kloridi za kalisi na magnesiamu zinazovuta maji hewani, na mfuko uliofunguliwa msimu wa masika hugeuka jiwe. Chukua ndoo yenye mfuniko unaobana. Izungushe na kuitikisa kabla ya kuchota, maana chembe nzito hushuka chini.

Aliye Mombasa au Zanzibar atauliza kwa nini asichote baharini tu. Anaweza, akiwa na chombo cha kwenda nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji. Msimu wa mvua asithubutu: mbele ya mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi, bahari hugeuka ya kahawia, na uchumvi hushuka.

Siku ya kuchanganya, tia maji kwanza, washa pampu, ndipo chumvi iingie kidogokidogo. Ukimwagia maji juu ya chumvi, kalisi hushikana na kabonati na kuacha utando mweupe usioyeyuka tena. Pasha hadi nyuzi 25, pima ndipo utumie. Na agiza ndoo ya pili ya kwanza ikifika nusu, kwa kuwa maduka huagiza kwa msimu, na kuhamia chumvi nyingine ghafla ndiko kunakoleta ile mirukoruko ya ualkali.