Kubuni programu ya ankara kwa washauri nasaha wa Lamu

Ankara ya mshauri nasaha ni hati ya fedha, lakini kwa asiyehusika akiiona ni ushahidi kwamba fulani anatibiwa afya ya akili. Katika mji kama Lamu, ambako aliyeonekana akiingia nyumba fulani mtaa wa Mkomani asubuhi huenda akaulizwa habari zake mtaa wa Langoni kabla ya adhuhuri, na ambako simu moja mara nyingi hushikwa na watu kadhaa wa nyumba, ushahidi huo unatosha kumfanya mtu aache matibabu. Kwa hivyo anayebuni programu ya aina hii aanze na siri ya mteja, ndipo ajenge hesabu juu yake.

Kwanza tenganisha kumbukumbu za matibabu na za malipo. Upande wa malipo ujue mambo machache tu: nambari ya mteja, tarehe ya kikao, muda wake, bei na kilicholipwa. Jina la maradhi, dawa na yaliyozungumzwa yasiwemo, wala pasiwekwe nafasi ya maoni, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi siku moja itajazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na karani anayepokea pesa hana haja ya kuzijua. Bima ikidai msimbo wa maradhi, iandaliwe hati yake pekee kwa idhini ya mteja.

Pili, na hapa ndipo pa kutuliza akili zaidi, mteja na mlipaji wawe watu wawili katika mfumo hata wanapokuwa mtu mmoja. Kwetu mama hulipiwa na mwanawe aliyeko Mombasa au ughaibuni, na mke huenda akalipiwa na kaka yake bila ya wengine nyumbani kujua. Siku ya kwanza mteja aulizwe kama ataka arafa, karatasi mkononi au asitumiwe chochote, na itumike simu aliyoiridhia yeye. Arafa yenyewe isizidi haya: "Ankara LM-0147. Huduma ya 12 Mei, dakika 50. Sh 2,500." Tena ikumbukwe kwamba ujumbe wa M-Pesa humwonyesha mlipaji jina la biashara lililosajiliwa. Hakuna programu itakayolificha jina lenye maneno "afya ya akili", kwa hivyo mshauri aelezwe mapema achague jina la kawaida.

Malipo ya M-Pesa huunganishwa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa wabunifu wa programu. Majibu yake yaweza kuchelewa au kufika zaidi ya mara moja, kwa hivyo hifadhidata ikatae msimbo wa muamala uliokwisha kuingizwa. Kiasi kihifadhiwe kwa senti, kama nambari nzima.

Programu ikubali ankara moja ilipwe kidogo kidogo, maana msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua kushindwa kutoka, mvuvi hana kipato cha kutegemea. Ikubali pia bei ipunguzwe bila kudai sababu. Kuhusu vikumbusho vya deni, naona visijitume vyenyewe kamwe: programu iviandae, naye mshauri, anayejua hali ya mteja wake wiki hiyo, aamue.

Mshauri anayekwenda Faza au Siyu, kisiwani Pate, kwa boti aweze kuandika ankara bila mtandao. Ipewe nambari ya muda, na nambari rasmi itolewe na seva mawasiliano yakirudi, ili simu mbili zisitoe nambari moja. Ankara iliyokwisha kutolewa isifutwe. Ikikosewa, itolewe hati ya kuirekebisha.

Tangu 1 Januari 2024, gharama za biashara kwa kawaida hazikubaliwi katika hesabu ya kodi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), basi shirika linalowalipia wafanyakazi wake litaidai. Liandikiwe ankara moja yenye idadi ya vikao, bila jina la mfanyakazi yeyote.

Kabla ya kuitoa programu, mpe mtu asiyehusika arafa, risiti na ankara ya majaribio, umwulize ni huduma gani iliyolipiwa. Akiitambua, tafuta neno lililomjulisha na uliondoe.